Kazi ya Picha katika Mashairi ya Upuuzi

Mashairi ya upuuzi wa makusudi, yaani tungo za watoto zinazosimulia mambo yasiyowezekana huku zikizingatia sarufi, vina na mizani, hutegemea utaratibu kuliko inavyodhaniwa. Mtunzi anaweza, kwa mfano, kuandika hivi:

Mbuzi kavaa viatu, kaenda sokoni Sake,
Kauza mvua kwa watu, karudi na jua lake.

Kanuni za dunia zimevunjwa, lakini za ushairi zimetimizwa: kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane katika kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho vinalingana. Mtoto hucheka kwa kuwa anajua tayari kwamba mvua haiuzwi.

Picha ya utungo wa namna hii haifafanui maneno tu, bali huyafuata mpaka mwisho, kwa maana mchoraji hana budi kuamua kama mbuzi amevaa viatu viwili au vinne, na kama mvua inapimwa kwa kopo au kwa kikapu. Edward Lear, Mwingereza aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi ya upuuzi mwaka 1846, alizichora picha zake mwenyewe.

Kwa Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kazi kama hiyo iliwahi kufanywa na mwili wa msimulizi. Mwaka 1956, mtafiti Daniel Biebuyck alinakili utendi wa Mwindo kutoka kwa Candi Rureke, ambaye kwa siku 12 alisimulia, aliimba, alicheza na kuigiza, akitikisa kibuyu huku vijana wakipiga mdundo kwa vijiti. Katika utendi huo Shemwindo, mwami (yaani mtawala) wa Tubondo, anawakataza wake zake wasizae watoto wa kiume. Mwindo anachagua kuzaliwa kwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, anatoka akicheka na kusema, na baadaye, akiisha kufungiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini, anaimba humo humo. Utendi huu si upuuzi, kwani umebeba imani na mafunzo juu ya utawala. Hata hivyo unashirikiana na mashairi ya upuuzi katika mbinu moja, nayo ni kulieleza lisilowezekana kwa usahihi wa jambo la kila siku: si kidole chochote, bali cha kati. Biebuyck na mwanaisimu Mnyanga Kahombo Mateene walipouchapisha mwaka 1969, kitabu kilihifadhi maneno, lakini hakikuweza kubeba maigizo ya Rureke.

Upungufu huo una uzito wa pekee katika maeneo jirani ya Masisi na Walikale, ambako watoto wengi huzungumza Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga nyumbani na kukutana na Kiswahili shuleni na sokoni. Msomaji wa aina hiyo, akikuta mbuzi muuza mvua katika maandishi matupu, anaweza kudhani kuwa kuna neno ambalo hajafundishwa. Picha ndiyo inayomhakikishia kwamba ameelewa sawasawa, na kwamba anaruhusiwa kucheka. Kwa hiyo mchoraji anayewalenga watoto hao anapaswa kuanza na mbuzi, soko na vipimo wanavyovijua, kwa sababu kichekesho hakitokei pale ambapo utaratibu unaovunjwa ni mgeni kwa msomaji.