Mpira wa Gofu Una Nini Ndani? Pasueni Wawili, Lakini kwa Akili

Hivi umeshawahi kujiuliza mpira wa gofu una nini ndani? Usicheke, mwenzangu. Siku hizi gofu si mchezo wa mabosi wenye vitambi tu. Vijana wa benki, mawakili, watu wa kampuni za simu, Jumamosi asubuhi utawakuta Gymkhana au kule Lugalo, na akina dada nao wamo. Sasa kila mcheza gofu ana mwenzake nyumbani anayeokota mipira kwenye droo, chini ya kiti cha gari, hadi ndani ya viatu. Kwetu niliihesabu nikapata 37, mingi imechubuka, uwanjani haifai tena.

Mimi sichezi. Mgonjwa wa huo mchezo ni mume wangu, Baba Imani, na kwa miezi kadhaa Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kununiana. Siku moja nikamwambia kwa utani, "Hebu tuipasue hii mibovu nione unachokipenda hivyo ni kitu gani." Wee! Jumapili yake alishapata msumeno.

Nianze na usalama, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kisu kibaki jikoni. Mpira wa gofu ni mgumu, ni wa mviringo, unateleza, na kisu kikiteleza kinaishia kiganjani. Msumeno wa umeme nao achana nao, unaweza kuudaka mpira na kuurusha usoni. Kinachotakiwa ni jiliwa, ile ya kubania vyuma ambayo mafundi wengi wanaiita vaisi, na msumeno wa chuma wa mkono wenye meno madogo madogo. Kama huna, mwombe fundi wa mtaani. Sisi jirani yetu fundi grili alituachia meza yake mchana mzima kwa bei ya soda mbili.

Ubane mpira katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kidogo, ili usizunguke. Vaeni miwani ya kazi inayofunika macho hadi pembeni, wote wawili, hata yule anayetazama tu. Miwani ya jua haihesabiki, hata iwe ya bei gani. Viatu vya kufunika, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, watoto wakae mbali. Halafu kata taratibu. Ukienda kwa papara ganda linapata moto, linaanza kulainika, na msumeno unanasa. Ukifika nusu, legeza, geuza mpira, ingia kwa upande wa pili. Mkono ukichoka mpokezane. Mpira wa kwanza ulitula robo saa nzima, na nakwambia ukweli, hatukuwa tumeongea robo saa mfululizo tangu mwezi uliotangulia.

Na ndani? Mimi nilitegemea kitu cheupe kama nje. Kumbe ni rangi tupu! Mmoja una kiini cha bluu, mwingine chungwa, mwingine kijani kibichi, na umelainika pale ulipokatwa kama embe sindano. Kiini hicho ni mpira wa viwandani, jamii ileile inayotumika kwenye matairi, uliochanganywa na kemikali na kuokwa ndani ya kalibu hadi ukaiva. Mipira ya bei rahisi ina vitu viwili tu, kiini na ganda gumu la plastiki. Ile ya bei mbaya ina tabaka tatu, nne, hata tano, ukitazama unaona mistari kama ya kitunguu. Sheria ya mchezo haijali tabaka ngapi, inataka tu mpira usizidi gramu 45.93 na upana wake usipungue milimita 42.67.

Vile vishimo vya nje navyo si urembo. Zamani, kuanzia 1848, mipira ilitengenezwa kwa utomvu wa mti wa gutapacha na ilikuwa laini nje. Wachezaji wakaona mbona ule uliokwaruzika ndio unaokwenda mbali? Mpira usio na vishimo hufika kama nusu tu ya safari, kwa sababu hewa inaung'ang'ania kwa nyuma.

Sasa nije kwenye ule mpira wa 37.

Huo si wa kuokotwa. Ni wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye miaka ya 1970 alikuwa akiwabebea wazungu na mabwana wakubwa mifuko ya gofu. Una rangi ya njano ya uzee na jeraha moja upande kama mdomo unaotabasamu. Mzee alikuwa akiwaambia wanawe kwamba ndani yake mna maji yanayopofusha, ole wake atakayeuchezea. Baba Imani alikua akiamini hivyo, halafu alipokuwa mkubwa akaamini kwamba alikuwa anatishwa tu ili asiuguse. Jumapili ile akauweka kwenye jiliwa.

"Usiukate huo," nikamwambia.

"Mama Imani, mzee alikuwa anatutania. Nataka nijue leo."

Nilishika mkono wake. Nilikuwa nimesoma, ndugu msomaji, maana kabla ya kushika msumeno nilitaka kujua tunachopasua. Mwaka 1898 huko Akron, Marekani, Coburn Haskell na mwenzake Bertram Work walibuni mpira uliofungwa kwa uzi wa mpira, uzi mrefu uliovutwa kwa nguvu na kuzungushwa kwenye kiini kidogo. Mwaka 1902 Sandy Herd akauchezea na kushinda mashindano makubwa ya Uingereza, na tangu hapo mtindo huo ukatawala karibu karne nzima. Mingi katika hiyo, kiini chake kilikuwa kifuko kidogo chenye majimaji au tope. Fikiria sasa: kifuko kinabanwa na uzi uliokazwa pande zote. Ukikitoboa, kilichomo kinaruka kama kutoka kwenye bomba la sindano, na uzi wenyewe unachapa.

Majimaji hayo hayakuwa mamoja. Kuna ya zamani sana yaliyokuwa makali ya kuunguza. Baadaye viwanda vingine vilitumia vitu visivyo na sumu, kama maji ya chumvi na sharubati ya mahindi. Lakini hata tope lisilo na sumu likiingia kwa kasi ile ni balaa. Majarida ya madaktari wa macho ya Marekani miaka ya 1970 yameandika juu ya watu walioganda tope la mpira wa gofu ndani ya kope, kwa sababu tu walitaka kuona ndani. Ikitokea, Mungu apishie mbali, usifikiche. Suuza kwa maji safi mengi, na moja kwa moja hospitali.

Mipira ya uzi ilianza kutoweka haraka baada ya Oktoba 2000, Titleist walipoleta Pro V1 yenye kiini kigumu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mpira wa zamani, au usiojua umri wake, haukatwi. Na kama umeanza kukata, ukaona nyuzi chini ya ganda, simama hapohapo.

Baba Imani alinisikiliza hadi mwisho, akaulegeza ule mpira mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe mzee alikuwa anajua."

Lakini hamu haijamtoka. Juzi kanisimulia kisa cha Phil Young, mwenye kiwanda cha mpira kule Massachusetts, ambaye miaka ya 1930 alikosa shimo la karibu, akaupeleka mpira wake kupigwa eksirei na kukuta kiini kimekaa upande. Inasemekana hapo ndipo Titleist ilipoanzia. Sasa wifi yangu anafanya kazi chumba cha eksirei, hospitali moja hapa mjini. Tumempigia. Amecheka hadi akakohoa, kasema atamuuliza mkuu wake. Mpaka atakapotujibu, mpira wa mzee uko kabatini juu kabisa, nyuma ya vikombe vya wageni, Imani asikofika.