Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Mtoto akiamka kila asubuhi na maumivu ya kichwa, akatapika kabla hajala kitu, tena akaanza kupepesuka kama mlevi, wako wazazi katika Bukavu watakaosema: amerogwa, au ana minyoo tu. Lakini yawezekana chanzo ni kingine. Katika ubongo wa nyuma, ule utuwezeshao kusimama na kutembea sawasawa, huweza kuota uvimbe mbaya wa saratani uitwao medulobilastoma. Ni ugonjwa wa nadra, nao huwapata hasa watoto.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1925 na waganga wawili wa Marekani, Harvey Cushing na Percival Bailey. Cushing alikuwa bingwa wa kupasua vichwa. Hata hivyo karibu wagonjwa wake wote wa uvimbe huo walikufa. Kwa nini? Mbegu za ugonjwa huchukuliwa na maji yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo, zikaota mahali ambapo kisu hakifiki.

Mwaka 1953 waganga wa Manchester, Uingereza, walieleza jinsi walivyotumia mionzi katika kichwa na uti wa mgongo wote. Ndipo watoto wengi zaidi wakaanza kuishi. Baadaye zikaongezwa dawa za saratani. Mojawapo, vinkristini, hutokana na mmea wa maua wa Madagaska unaopandwa bustanini. Lakini asithubutu mtu kuuchemsha nyumbani, kwa maana una sumu.

Basi mafiga ni matatu. Kisu hupunguza uvimbe, mionzi huzifuata mbegu zilizosalia, dawa huzisaka zilizojificha. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, waganga huikwepa au huichelewesha mionzi, isije ikaudhuru ubongo unaokua; hapo dawa hushika kazi. Katika nchi zenye vifaa vyote, watoto 7 hivi katika 10 huishi miaka 5 na zaidi.

Jifya moja likikosekana, chungu humwagika. Mwaka 1995 hospitali ya Mulago, Kampala, ilipata mashine ya kutibu kwa mionzi; mwaka 2016 mashine yake, iliyokuwa ya pekee katika Uganda, iliharibika kabisa. Wagonjwa wakabaki wakingoja hadi mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya Ruzizi, hospitali ya kijeshi ya Kanombe mjini Kigali ilianza tiba hiyo mwaka 2019.

Enyi wazazi, yashikeni mambo mawili. Kwanza, dalili hizo zikiendelea, mpelekeni mtoto hospitalini upesi. Pili, msiiache tiba katikati. Mionzi huchukua majuma 6 hivi, na dawa miezi mingi. Mtoto aliyepasuliwa huweza kucheka na kucheza, nayo mbegu ya ugonjwa ingali hai. Jamaa na jirani wachangie nauli na chakula, ili safari iliyoanzwa ifike mwisho wake.