Nguo ya Marekani Kagera: Bei Yake Hupangwa na Nani?

Katika gulio la Muleba, suruali ya jinzi yenye utepe mdogo mwekundu kwenye mfuko wa nyuma hununuliwa kwa noti moja au mbili za elfu kumi. Suruali kama hiyo ikiwa mpya, kwenye duka la Levi's nchini Marekani, huuzwa kwa dola kati ya 80 na 100, yaani zaidi ya shilingi 200,000. Ikivuka bahari na kutundikwa katika duka la kampuni hiyo Ulaya au Asia, mara nyingi hupanda tena. Kitambaa hakijabadilika, wala mishono. Kilichobadilika ni mahali inapouzwa na mkono uliopanga bei.

Jambo hili si geni Kagera. Nguo ya Marekani iliuzwa magharibi mwa Ziwa Victoria kabla hata mji wa Bukoba haujajengwa.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Miaka minne baadaye Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Merikebu za Salem zilipakia pembe za ndovu na sandarusi, zikashusha majora ya pamba isiyopaushwa, kitambaa kigumu kilichodumu kufuliwa na kuvaliwa. Watu wa pwani walikiita merikani. Wafanyabiashara wengine walileta vitambaa vya kufanana nacho kutoka India na Uingereza, lakini wanunuzi wa bara walikijua kile cha asili kwa kukishika tu. Ubishi wa orijino na feki unaosikika leo kwenye meza za mitumba una umri mrefu.

Wapagazi walibeba merikani kutoka pwani kupitia Tabora hadi Karagwe. Huko, katika kituo cha Kafuro karibu na makao ya mtawala wake, Omukama Rumanika, waliishi wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walimkuta Rumanika mwaka 1861. Mzungu mwingine, Stanley, alipita Kafuro mwaka 1876. Kitambaa kilipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, na kila hatua ya njia iliongeza kitu juu ya bei: posho ya wapagazi, hongo ya watemi waliomiliki njia, mizigo iliyoloa mvua, mizigo iliyoibwa. Kilipofika nchi ya Wahaya, ambako watu walivaa lubugo lililopondwa kutoka gome la mtoma, merikani ilikuwa zawadi ya wakubwa. Mkulima wa migomba aliiona kwa mbali.

Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikavuruga viwanda vya pamba. Merikani ikaadimika Zanzibar na vitambaa vya India vikapata nafasi. Mtu wa Karagwe hakuwa na habari za vita hivyo, lakini alivilipia.

Kilichoshusha gharama baadaye ni usafiri. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Desemba 1901 Reli ya Uganda ikafika Kisumu, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na bandari ya Mombasa kwa safari ya siku chache badala ya miezi ya kutembea kwa miguu. Ngozi na kahawa zikatoka, vitambaa vikaingia, na ndani ya muda wa kizazi kimoja lubugo likaanza kuondoka mwilini mwa mtu wa kawaida. Ukitaka kujua kwa nini nguo ni ghali mahali fulani, anza kwa kuuliza imefikaje hapo.

Lakini njia haielezi yote, na hapa ndipo maduka ya kampuni za Marekani nje ya nchi yao yanapofundisha jambo. Abercrombie & Fitch, iliyoanzishwa New York mwaka 1892, ilianza kama duka la vifaa vya kambi na uwindaji; ndiyo iliyomuuzia vifaa Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya kuwinda. Karibu miaka mia baadaye ilikuwa imegeuka kuwa duka la vijana. Mwaka 2007 ilifungua duka London, na wateja wakagundua kwamba bidhaa nyingi zilikuwa na tarakimu zile zile za New York, ila alama ya dola imegeuka kuwa ya pauni. Wakati huo pauni moja ilikuwa karibu dola mbili. Mwaka 2009 ikafungua Ginza, Tokyo, mtaa wenye kodi ya pango ya kutisha, na huko pia bei zikawa juu kuliko za nyumbani. Foleni zilijaa hata hivyo. Kampuni ilikuwa imepima mteja wa nje yuko tayari kutoa kiasi gani, ikapanga bei kwa kipimo hicho.

Na kampuni hulinda tofauti hiyo hadi mahakamani. Duka kubwa la Uingereza, Tesco, liliwahi kununua jinzi za Levi's 501 kwa bei nafuu kutoka nje ya Ulaya na kuziuza kwa bei ya chini kuliko maduka rasmi. Zilikuwa orijino kabisa. Levi's ikashtaki, na tarehe 20 Novemba 2001 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mwenye nembo anaweza kuzuia bidhaa zake zisiingizwe Ulaya kutoka nje bila ridhaa yake. Mnunuzi akabaki na bei ya juu, kwa nguvu ya sheria. Hii ni suruali iliyoanza kama vazi la wafanyakazi: tarehe 20 Mei 1873 Levi Strauss, mhamiaji kutoka Bavaria, na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba ili isichanike kazini.

Tuchukue mfano wa Bukoba. Tuseme mfanyabiashara ameagiza jinzi mpya kutoka Marekani, na imefika bandarini Dar es Salaam ikiwa na thamani ya shilingi 100,000. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza nguo zilizotengenezwa nje ushuru wa asilimia 35. Hapo imefika 135,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inaongeza 24,300. Kabla ya tozo ya reli na tozo nyingine, kabla ya safari ya takriban kilomita 1,400 hadi Bukoba, kabla ya pango, mshahara wa muuzaji na faida, suruali imeshavuka 159,000. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Hakuna haja ya kushangaa kwamba Levi's haina duka Bukoba wala Muleba.

Nguo ya Marekani inaingia kwa mlango mwingine: mitumba.

Wazee wa Kagera wanakumbuka wakati ambapo mlango huo pia ulifungwa. Baada ya uhuru serikali ilizuia mitumba, iliyoitwa kwa kejeli kafa Ulaya, ili viwanda vya ndani kama Urafiki cha Dar es Salaam na Mwatex cha Mwanza vipate soko. Ilikuwa nia njema. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 uchumi ulidhoofika, viwanda vikakosa vipuri, na kitambaa kikagawiwa kupitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa na maduka ya ushirika. Khanga iligombaniwa kwa foleni. Mpakani Mutukula magendo yakashamiri, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako mkali wa wahujumu uchumi. Katikati ya muongo huo, Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, marobota ya mitumba yakaanza kumiminika.

Safari ya robota huanzia kwenye kapu la sadaka katika mji wa Marekani. Mashirika ya hisani hubakisha zinazouzika hapo, zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa kampuni za uchambuzi, hukazwa kwa mashine kuwa marobota au mabelo, mara nyingi ya kilo 45, na kupakiwa kwenye kontena. Pietra Rivoli, profesa wa Marekani, aliifuata fulana ya aina hiyo hadi soko la Manzese, Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu safari hiyo kimesomwa duniani kote. Kutoka Dar mzigo wa Kagera huendelea kwa barabara, au hupitia Mwanza na kuvuka ziwa kwa meli hadi Kemondo na Bukoba.

Belo likikatwa kamba, bei inapangwa upya ndani ya dakika chache. Anayelinunua hajui kilichomo zaidi ya aina na daraja lililoandikwa ubavuni, kwa hiyo nguo chache nzuri lazima zilipie zilizochakaa. Mchambuzi anainua suruali, anaitazama kwenye mwanga, anavuta zipu mara mbili, anageuza mapaja kuona kama kitambaa kimelika, anasoma kibandiko cha ndani. Zenye jina kubwa zinatengwa na kutundikwa kwenye henga; zilizobaki zinatupwa kwenye turubai kuwa za kuchagua. Asubuhi bei ni ya juu, jioni mvua ikinukia inashuka. Inashuka pia Machi, mifuko ikiwa mitupu, na kupanda msimu wa kahawa unaoanza Mei, kisha Desemba wana wa Kagera wanaporudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza. Koti linalovaliwa juu ya kanzu kwenye harusi ya Kihaya mara nyingi limepitia turubai hilo.

Baada ya hapo kuna fundi wa barazani. Kiuno cha Kimarekani ni kipana. Fundi anafumua mkanda nyuma, anakata ukanda mwembamba wa kitambaa, anarudishia kwa uzi wa rangi ile ile ya machungwa, na kwa fedha kidogo suruali ya mtu wa Ohio inamkaa kijana wa Kamachumu kama aliyepimwa. Kazi hii ni thamani halisi iliyoongezwa hapa hapa, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ifikapo 2019. Ushuru ulipandishwa. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kiliwasilisha malalamiko kwa serikali yake, kikitaka nchi husika zihojiwe kama zinastahili kuendelea kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ilijitoa mapema kwenye mpango wa kuzuia, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda haikurudi nyuma, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kwa hiyo hata bei ya shati la mtumba la Nshamba ina mkono wa Washington ndani yake.

Sehemu inayouma zaidi ni nyingine. Nguo za kwenda Marekani zinashonwa hapa Tanzania. Kiwanda cha Tooku, katika eneo maalumu la kiuchumi la Benjamin Mkapa pale Ubungo, kimekuwa kikishona jinzi za soko la Marekani. Mazava cha Morogoro kimekuwa kikishona nguo za michezo kwa soko hilo hilo. Inawezekana kabisa suruali ikashonwa na binti wa Ubungo, ikauzwa kwa dola za kutosha kumlipa mshahara wa wiki kadhaa, ikavaliwa, ikatolewa sadaka, na kurudi kwenye belo hadi gulio la Muleba. Pamba nayo inalimwa kanda hii ya ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiongoza, na sehemu kubwa yake husafirishwa nje kabla ya kusokotwa uzi.

Masharti ya viwanda hivyo vya maeneo maalumu yaliweka kwamba angalau asilimia 80 ya bidhaa ziuzwe nje. Hadi asilimia 20 ziliruhusiwa kuuzwa ndani baada ya kulipiwa kodi. Ombi kwa wanaosimamia viwanda na biashara ni hili: nguo za fungu hilo la asilimia 20 zifikishwe hadi Bukoba na Muleba, ziwekewe kodi inayobebeka, ziuzwe zikiwa mpya kwa bei ambayo mwalimu wa msingi na mkulima wa kahawa wanaweza kuifikia. Na wewe msomaji, ukisimama mbele ya turubai Jumamosi ijayo, geuza suruali ndani nje kabla hujatazama utepe mwekundu. Vuta mshono wa katikati, shika uzito wa kitambaa, kisha soma kibandiko kimeandikwa imeshonwa nchi gani.