Mgonjwa Wetu Amewekewa Mpira Kifuani: Tusiogope, Tusaidie

Mkoa wetu wa Songwe unapitiwa na barabara kuu iendayo Zambia. Usiku na mchana malori huelekea mpaka wa Tunduma, na pikipiki za bodaboda hupenya kati yao. Sisi akina mama wa Ruanda tunajua matokeo yake. Simu inaita, tunaambiwa baba watoto au kijana wetu ameanguka, ameumia kifua. Tukifika wodini tunamkuta na mpira uliotoka ubavuni ukaingia kwenye chupa ya maji sakafuni. Wengi wetu hudhani mwisho umefika. Sivyo. Mpira ule ndio unaomrudishia pumzi.

Kwa nini pafu husinyaa?

Pafu limezungukwa na ngozi mbili nyembamba zinazogusana. Mbavu ikivunjika inaweza kulitoboa. Hapo hewa au damu huingia kati ya ngozi hizo, na pafu husinyaa kama puto lililotobolewa. Hewa ikizidi kujaa bila njia ya kutokea, huubana moyo na pafu la pili, na mtu anaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo aliyepigwa kifuani akianza kuhema kwa shida, kuchomwa na maumivu kila avutapo pumzi, au midomo kuwa ya buluu, tusimkande kwa maji ya moto nyumbani tukingoja kesho. Apelekwe hospitali mara moja. Fomu ya PF3 ifuatiliwe polisi na ndugu mwingine, huku mgonjwa akiwahishwa. Kama kuna kisu au chuma kimebaki kifuani, tusikichomoe.

Kazi ya chupa ya maji

Njia hii si ngeni. Daktari Gotthard Bülau wa Hamburg, Ujerumani, aliieleza katika maandishi yake mwaka 1891, na mpaka leo inaokoa maisha. Mwisho wa mpira huzamishwa ndani ya maji. Hewa ya kifuani hutoka kwa mapovu, lakini haiwezi kurudi, kwa kuwa maji yameziba njia. Maji ndani ya mpira yakipanda na kushuka mgonjwa anapopumua, ni dalili kwamba njia iko wazi. Majeruhi wengi wa kifua hupona kwa mpira huu peke yake, bila kupasuliwa.

Mashine ya kisasa

Tangu miaka ya 2000 zimekuja mashine ndogo za umeme zinazofanya kazi ya chupa. Mashine huvuta hewa kwa nguvu isiyobadilika, na kwenye kioo chake huonyesha kwa tarakimu ni mililita ngapi za hewa zinavuja kila dakika. Zamani daktari mmoja akitazama mapovu aliweza kusema bado, na mwenzake akasema tayari. Sasa wote wawili wanasoma namba moja, na kumbukumbu ya saa zilizopita imehifadhiwa. Mashine ina betri, hivyo mgonjwa anaweza kutembea nayo.

Hata hivyo, mashine hizo ni za gharama, na utafiti haujaonyesha kila mara kuwa mgonjwa huruhusiwa mapema zaidi. Katika wodi nyingi za nchi yetu chupa ndiyo inayotumika. Mama asihuzunike kwamba mgonjwa wake amepewa kitu duni. Chupa inayoangaliwa vizuri ni tiba kamili, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Wajibu wetu kando ya kitanda

1. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua siku zote, hata mgonjwa anapokwenda chooni. Ikiinuliwa juu, maji yanaweza kurudi kifuani.
2. Tuangalie mpira usipinde wala kulaliwa. Tusiubane wala kuufunga kwa hiari yetu.
3. Tusimwage maji ya chupa. Hiyo ni kazi ya muuguzi.
4. Chupa ikivunjika, mpira ukichomoka, au pumzi ikizidi kuwa ngumu, tumwite muuguzi papo hapo.
5. Tumhimize mgonjwa kuketi, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, huku ameshikilia mto kifuani. Akishindwa kwa maumivu, tuombe dawa, maana anayeogopa kukohoa huweza kupata nimonia.

Akirudi nyumbani

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au pumzi ikikata, arudi hospitali bila kuchelewa. Aache sigara. Asibebe magunia ya kahawa wala kupanda pikipiki mpaka daktari aseme yuko tayari. Majirani watamwita mvivu, na yeye mwenyewe atatamani shamba. Ni juu yetu kumshikilia kwa upole siku hizo chache, ili pafu lililorudi lisipotee tena.