Paka Anapozeeka: Mabadiliko ya Tabia na Sababu Zake

Paka wa nyumbani anayelishwa vizuri na kukingwa dhidi ya magari, mbwa na maradhi ya kuambukiza anaweza kuishi miaka 15 na zaidi, na wapo wanaovuka 20. Creme Puff, paka aliyeishi Austin katika jimbo la Texas, Marekani, ambaye kitabu cha Guinness kinamtaja kuwa ndiye aliyepata umri mrefu kuliko wote, alizaliwa mwaka 1967 akafa mwaka 2005. Madaktari wa mifugo humhesabu paka kuwa mzee anapovuka miaka 10, na akifika 15 hulinganishwa na binadamu wa miaka sabini na kitu. Ni katika umri huo ndipo wenye nyumba huanza kuona mambo wasiyoyazoea: paka mpole anauma anapobebwa, paka msafi anakojoa kando ya mkeka, na aliyekuwa mkimya anazunguka vyumbani usiku akilia kwa sauti kubwa. Jibu linalotolewa upesi ni kwamba huo ni uzee tu, na jibu hilo, hata linapotolewa kwa huruma, limewanyima paka wengi matibabu, kwa sababu sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokana na maradhi yanayojulikana, ambayo baadhi yake hutibika na mengine hupunguzwa makali.

Ugumu wa kuyatambua maradhi hayo unatokana na asili ya mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hata leo anapatikana katika nyika za Kenya na Tanzania, na ambaye huwinda peke yake huku naye akiwindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Kiumbe anayeishi hivyo hana faida ya kuonyesha udhaifu, kwa hiyo paka mwenye maumivu halii wala hachechemei waziwazi. Hupunguza kidogo kidogo yale yanayomuumiza, hadi watu wa nyumbani wakaona kwamba amekuwa mvivu au mkali.

Mfano ulio wazi zaidi ni maradhi ya viungo, ambapo gegedu, yaani tishu laini inayozuia mifupa isisuguane, huchakaa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12 zilichunguzwa, na dalili za kuchakaa kwa viungo zikaonekana kwa 90 kati yao. Paka wa namna hiyo hupanda dirishani kwa kupitia kwanza kwenye kiti, huacha kujilamba mgongoni karibu na mkia hadi manyoya yakashikana, na hujisaidia karibu na sanduku lake la mchanga badala ya ndani yake, kwa kuwa kuinua miguu kuvuka ukingo kunamuuma. Kumchapa kwa kosa hilo ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Maradhi mengine hudanganya kwa kujifanya afya. Shingoni mwa paka, kama ilivyo kwa binadamu, kuna tezi ya thairoidi, ambayo hutoa homoni zinazoamua kasi ya mwili katika kukitumia chakula. Kwa paka wazee tezi hiyo mara nyingi huvimba, kwa uvimbe ambao kwa kawaida si saratani, ikamwaga homoni kupita kiasi. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1970 mjini New York. Paka hula sana huku akikonda, hucheza kama kijana, hatulii, hulia usiku, na moyo wake hupiga kwa kasi inayouchosha. Familia hufurahi kwamba mzee amepata nguvu mpya, ilhali mwili wake unajimaliza. Vidonge vya methimazoli, vinavyotolewa kila siku kwa kipimo cha daktari, huizuia tezi kutengeneza homoni hizo, na katika nchi zenye vifaa hutumika pia sindano ya iodini yenye mnururisho, ambayo mara nyingi huuponya ugonjwa kabisa.

Figo nazo huchakaa, na dalili zake huchelewa kuonekana, kwa kuwa kiasi cha theluthi mbili ya uwezo wake kinaweza kupotea kabla paka hajaanza kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Ugonjwa wa figo, sawa na ule wa thairoidi, huweza kupandisha shinikizo la damu, na shinikizo hilo likizidi huibandua retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Paka anayegonga meza ghafla, au anayetembea akiambaa ukuta huku mboni zimepanuka hata juani, huenda amepofuka, na anastahili kufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sababu hizo zikishachunguzwa na kuondolewa, ndipo inapofaa kuufikiria ubongo wenyewe. Ubongo wa paka mzee hukusanya protini iitwayo amiloidi, inayopatikana pia kwa binadamu wenye maradhi ya Alzheimer, na paka hupoteza mpangilio wa siku: husimama pembeni ya mlango usiofunguka, hudai chakula alichokwisha kula, hulala mchana kutwa na kukesha. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba zaidi ya nusu ya paka waliovuka miaka 15 huonyesha angalau dalili moja ya namna hii. Wapo wanaouhusisha mlio wa paka usiku na majini au uchawi, na wanyama wazee wamefukuzwa majumbani kwa dhana hiyo, wakati mara nyingi mlio huo ni wa mnyama asiyesikia sauti yake mwenyewe, au asiyejua yuko chumba gani. Taa ndogo inayoachwa ikiwaka ukumbini na chakula kidogo kabla ya watu kulala huwatuliza wengi.

Kuiandaa nyumba kwa ajili ya paka mzee hakuhitaji gharama kubwa. Beseni pana lenye ukingo mfupi hutosha kuwa choo, maji yawekwe zaidi ya mahali pamoja, malazi yawe chini, na vyombo visihamishwe ovyo, hasa kwa paka kipofu. Kuhusu chakula, mazoea ya kumwacha paka ajitafutie panya hayamfai tena asiyeweza kuruka. Waislamu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ale wadudu wa ardhini, na paka mzee amefungiwa na mwili wake mwenyewe. Jambo la hatari kuliko yote ni kumpa dawa za maumivu za binadamu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Madaktari wa mifugo wanaohitimu katika vyuo vya Kabete, Morogoro au Makerere hufanya kazi kubwa zaidi kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa hiyo mwenye paka atasaidia sana akifika na kumbukumbu zilizoandikwa: tarehe mabadiliko yalipoanza, kiasi cha maji, na uzito wa kila mwezi, unaopatikana kwa mtu kupanda mizani akiwa amembeba paka, kisha kujipima peke yake na kutoa tofauti. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo amepoteza sehemu ya nane ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8, na hilo jicho linalomwona kila siku halilitambui.

Kumbukumbu hizo hutumika tena pale ugonjwa unaposhinda dawa na daktari anapopendekeza sindano ya kumlaza paka usingizi asiamke. Kinachotazamwa ni kama bado anakula kwa hiari, anajilamba, anafika chooni na kutafuta watu wake. Na aliyekuwa akiyaandika mambo hayo ataona katika daftari lake kama siku ambazo paka aliyafanya bado ni nyingi kuliko siku aliposhindwa.