Masafa Baina ya Nyumba na Kazi

Katika mji wa Tanga, ambako baiskeli imekuwa kipando cha watu wa kila daraja tangu zamani hata wengi wakauita mji wa baiskeli, nimeona kwamba mtu atafutaye nyumba ya kupanga humuuliza dalali habari za kodi, maji, umeme, choo na tabia za majirani, na akisha kuridhika na hayo hutoa malipo ya miezi sita au ya mwaka mzima, bila kuuliza swali moja ambalo jawabu lake litaamua kwa kadiri kubwa hali ya moyo wake na mishipa yake muda wote atakaokaa humo: kutoka mlango huu mpaka mahali pangu pa kazi ni mwendo wa dakika ngapi kwa baiskeli? Akikumbuka kuuliza, dalali humjibu kwamba ni karibu tu. Na karibu ya dalali haina kipimo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilisema kuwa mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za kuushughulisha mwili kiasi cha kumfanya aheme upesi kidogo kuliko kawaida. Watu wengi wanaijua habari hii, au walau wameisikia kwa tabibu aliyewapima shinikizo la damu, na wengi hutoka hospitali wakiwa na azma ya kukimbia kila alfajiri. Lakini azma ni kitu kinachochoka, na mvua ya siku moja, mgeni wa siku ya pili na usingizi wa siku ya tatu hutosha kuivunja. Safari ya kwenda kazini haitegemei azma, maana ni lazima ifanywe, mtu apende asipende. Kwa hiyo yule achaguaye maskani yake kwa masafa yanayofaa baiskeli amekata shauri mara moja tu, siku ya kutia saini mkataba wa nyumba, na shauri hilo likamfanyia kazi mara mia kadhaa kwa mwaka pasipo yeye kulifikiria tena.

Ushahidi wa jambo hili ulianza kukusanywa zamani, na ulianzia ndani ya mabasi. Mwaka 1953 tabibu mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na utingo wa basi lile walikuwa watu wa tabaka moja, walioishi katika mitaa ya namna moja na kupumua moshi uleule. Tofauti yao kubwa ni kwamba dereva alikaa kitini mchana kutwa, ilhali utingo alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, mamia ya vidato kila siku ya kazi. Ikaonekana kuwa maradhi ya mishipa ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko matingo, na yalipowapata matingo hayakuwa makali kadiri ile. Morris akatazama pia watumishi wa posta, akakuta kwamba waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa katika hali bora kuliko makarani waliokaa mezani.

Nampenda Morris si kwa ugunduzi ule tu, bali kwa insafu aliyoonyesha baadaye. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichunguza vipimo vya sare za watumishi walewale, wakaona kwamba suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za matingo. Yaani yamkini watu wanene zaidi ndio walioelekea kuwa madereva, na huenda sehemu ya tofauti ya maradhi ilikuwapo kabla hawajagusa usukani. Msomaji wa habari za afya na aiweke suruali hii akilini kila asomapo kwamba watu wa aina fulani huishi zaidi kuliko wengine. Hata huko Copenhagen, ambako utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wasiokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi cha waendao kwa takriban asilimia 39, na hata Uingereza, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2017 walitangaza kwamba miongoni mwa watu zaidi ya 260,000 wale waendao kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 katika miaka michache ya kufuatiliwa, yawezekana kuwa mwenye siha njema ndiye apandaye baiskeli, wala si baiskeli iliyomletea siha yote. Watafiti wamejitahidi kuondoa athari za umri, tumbaku, uzito na kadhalika katika hesabu zao, na faida ikabaki. Mimi naiamini faida hiyo, lakini naiamini kama mtu aaminivyo mizani yenye kasoro ndogo inayojulikana.

Kinachonizidishia imani ni kwamba njia ambayo mazoezi hufanya kazi mwilini inaeleweka. Msuli unaojikunja na kujinyoosha unahitaji sukari, nao hupata ruhusa ya kuivuta kutoka kwenye damu kwa njia yake wenyewe, pasipo kuingoja insulini iufungulie mlango. Ndiyo sababu hata mtu ambaye mwili wake umeanza kuizoea insulini na kutoijali, kama ilivyo katika kisukari cha watu wazima, misuli yake ya mapaja huipokea sukari akanyagapo pedali. Damu nayo, ikipita kwa kasi zaidi, husugua kuta za mishipa, na kuta hizo hujibu kwa kutoa kemikali inayoilegeza mishipa, hata shinikizo likapungua. Athari hizi hudumu saa kadhaa, au siku moja mbili, kisha hufifia. Kwa hiyo dozi ndogo ya kila siku ina manufaa ambayo safari moja ndefu ya Jumapili haiwezi kuyaleta.

Sasa tuje kwenye hesabu, na nitachukua mfano wa mtu afanyaye kazi bandarini Tanga. Mwendo wa mtu asiye na haraka, juu ya baiskeli ya kawaida yenye karia na kengele, katika mji ulio tambarare kama huu, ni kilomita kama 15 kwa saa. Akikaa Kange, kiasi cha kilomita 6 hivi, atatumia dakika 24 kwenda na 24 kurudi, na kwa siku 5 za kazi atakuwa amepata dakika 240, ambazo ziko katikati ya kipimo tulichokitaja. Akikaa Pongwe, kilomita zipatazo 12 katika njia ya Segera, dakika zake zitakuwa maradufu. Moyo wake utafaidika, lakini siku ya jua kali, au siku aliyokesha kwa homa ya mtoto, ataitazama baiskeli na kuitazama daladala, na nadhani mwenye kusoma anajua atakachochagua. Mwanafizikia wa Kiitalia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba wanadamu wa zama na miji mbalimbali hawakuelekea kuvumilia zaidi ya saa moja hivi ya safari kwa siku, kwenda na kurudi. Nusu saa ya kwenda kwa baiskeli ni kilomita 7 na nusu. Nami naona huo ndio mpaka wa busara kwa mtu wa kawaida.

Je, akaaye Ngamiani, umbali wa kilomita 2 tu? Kwa baiskeli atapata dakika 16 kwa siku, dozi isiyotosha. Huyu na aiache baiskeli nyumbani atembee: kwa miguu, kilomita 2 ni dakika 24 au 25, sawasawa na yule wa Kange juu ya baiskeli yake.

Lakini masafa si hesabu ya kilomita peke yake, na hapa watu wa pwani wana maarifa ya asili juu ya upepo ambayo vitabu vya wageni havina. Kizuizi cha hewa huongezeka mara nne pale kasi ya hewa inayompiga mpandaji inapozidi mara mbili. Basi aendaye kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kasi iyo hiyo husukuma hewa mara nne ya siku ya shwari. Katika ufuo wetu unaotazama mashariki, upepo wa umande huvuma asubuhi kutoka bara kwenda baharini, na alasiri upepo wa bahari hugeuka kuingia bara. Akaaye upande wa bara na kufanya kazi karibu na pwani husukumwa mgongoni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi pia, neema ambayo hakuilipia kodi. Kusi inapokaza katikati ya mwaka huufunika umande, na neema ya asubuhi hupungua. Tena kila neema ina malipo yake: mtu huyohuyo hulikabili jua usoni asubuhi na jioni, na dereva anayekuja nyuma yake naye amepofushwa na jua lilelile. Huyo na avae nguo nyeupe, na akiweza atangulie kutoka.

Jasho ndilo udhuru ninaousikia mara nyingi. Katika nguvu anayoitumia mpandaji, karibu robo tatu hugeuka joto, na joto hilo huondoka hasa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani, iliyojaa mvuke, huchelewesha kukauka huko. Lakini mpandaji hujitengenezea upepo wake akiwa njiani, na hulowa zaidi anaposimama mlangoni pa ofisi. Dawa yake ni kupunguza mwendo katika dakika 5 za mwisho, kubeba shati kwenye karia badala ya kulivaa, na kwa waajiri, kuweka bomba la maji na mahali pa kufungia baiskeli; gharama yake ni ndogo kuliko ya kiti cha meneja.

Hofu ya barabara ni jambo zito zaidi, nami siipuuzi. Nguvu ya gari linalogonga hukua kwa namna ileile ya upepo: gari la kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile la 30. Kwa hiyo kilomita 7 za mitaa ya ndani ni fupi kuliko 5 za barabara kuu ya malori, kwa maana ya umri. Mitaa ya Ngamiani, iliyopangwa kwa mistari na kuitwa kwa nambari, ni zawadi katika jambo hili, kwa kuwa ukijaa magari mmoja, kuna mwingine sambamba nao. Ama kuhusu moshi, watafiti waliotoa hesabu yao mwaka 2016 wakiongozwa kutoka Cambridge walikadiria kwamba hata katika mji wenye hewa chafu mno, mikrogramu 100 za chembe ndogo kwa kila mita ya ujazo, ni baada ya saa moja na nusu ya kuendesha kila siku ndipo madhara huzidi manufaa.

Imebaki fedha. Nyumba za mbali ni rahisi, na watu huona wamepata faida. Lakini wanauchumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walipozichambua habari za watu wa Ujerumani, walionyesha mwaka 2008 kwamba wenye safari ndefu za kazini waliridhika na maisha kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na nafuu ya kodi au ujira haikuwafidia. Mtu huizoea sebule kubwa kwa mwezi mmoja. Foleni haizoei.

Nilipohama mimi mwenyewe, nyumba tatu nilizoonyeshwa nilizijaribu kwa baiskeli, siku ya Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni, nikihesabu dakika, malori na mashimo. Niliyoichagua haikuwa rahisi kuliko zote. Mwenye nyumba, mzee mwenye subira, alipokuwa akinionyesha chumba, nilimwomba radhi nikaiingiza baiskeli mpaka ukumbini. Usukani ukakwama kwenye fremu ya mlango. Akautazama, akapima kwa shubiri yake, akasema, "Fundi atakuja kesho, mwanangu," na keshoye asubuhi nilimkuta seremala ameshauvua bawabani ule mlango wa mbao.