Linux Imo Diskini, Kompyuta Haiioni

Mtu wa Gehandu, mkoani Manyara, aliyepiga Linux kwenye laptopu ya mtumba, kisha mashine ikagoma kuwaka, karibu kila mara ataambiwa afute diski aanze upya. Naupinga ushauri huo. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, na kulipakua kwa bando la simu ni gharama nzito kijijini. Kufuta diski nako kunaondoka na picha, kazi za shule na hesabu za duka zilizobaki upande wa Windows. Tena mara nyingi Linux yenyewe ni nzima. Kilichokatika ni njia ya kuifikia.

Kompyuta ikiwashwa haijui faili ni nini. Huanza na programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao mama. Tangu IBM PC ya mwaka 1981 programu hiyo ilikuwa BIOS, nayo husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 basi. Kati ya hizo, 446 ni za maelekezo, 64 ni za jedwali la mgawanyo wa diski, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Baiti 446 hazitoshi hata kuhifadhi aya hii! Ndiyo maana GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, hujigawa: kipande kidogo hukaa humo na kukiita kikubwa, ambacho hutafuta kiini cha Linux, hukipakia kwenye kumbukumbu, kisha hukiachia mashine.

UEFI, iliyokuja kuchukua nafasi ya BIOS, haina haja na maelekezo ya sekta ile. Yenyewe hutafuta sehemu maalumu ya diski iliyoformatiwa kwa FAT, na humo faili la kuwashia. Kompyuta nyingi za miaka ya 2010 zinakubali njia zote mbili, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Windows imewekwa kwa UEFI, flashi ya Linux ikawashwa kwa BIOS, na usimikaji ukaisha bila kosa lolote. Ukiwasha tena, Windows inafunguka kana kwamba Linux haikuwahi kuwekwa.

Kwenye mashine kuukuu mimi hushuku kwanza betri ya ubao mama, ile CR2032 ya volti 3. Ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma, na katika mashine nyingi za zamani mpangilio wote hurudi ulivyotoka kiwandani, pamoja na njia ya kuwashia. Linux iliyofunguka jana leo haionekani. Tazama tarehe kabla ya kugusa diski.

Kisha soma skrini. Ikisema hakuna kifaa cha kuwashia, basi hata GRUB haijafikiwa: kagua njia na mpangilio wa diski. Ikiandika "grub rescue", kipande kidogo kiko hai ila kimempoteza mwenzake, aghalabu kwa sababu sehemu ya diski imefutwa au imebadilishwa namba. Amri ya ls itakuonyesha sehemu zilizopo. Ikiandika "kernel panic", GRUB imeshamaliza kazi yake, na kuiweka upya pengine ni kupoteza muda.

GRUB ikiwa ndiyo mgonjwa, flashi ileile inatosha. Iwashe kwa njia iliyotumika kusimika Windows, fungua Linux bila kusimika, na uangalie kama folda ya /sys/firmware/efi ipo; ikiwepo, uko kwenye UEFI. Unganisha sehemu ya diski yenye Linux, ingia ndani yake kwa chroot, kisha endesha grub-install na update-grub. Vifurushi vinavyohitajika vikiwa vimo tayari, hutumii bando hata kidogo.

Katika wilaya ya Karatu, shule kama Banjika zimetumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, kupitia shirika la Powering Potential. Nazo hutumia Linux, lakini kwa kawaida hazihitaji GRUB. Katika matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 4, chipu yenyewe husoma sehemu ya FAT kwenye kadi ya SD na kuchukua humo faili la kwanza la kuwashia. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili zake zinaweza kuharibika, na mashine ikabaki kimya. Hapo hakuna amri ya kuandika. Kadi ya pili iliyonakiliwa mapema humrudisha mwanafunzi kazini baada ya dakika chache, na ile iliyoharibika hukaguliwa kwenye kompyuta nyingine.